Folikeli kubwa, yai lililochoka

Duara jeusi lilijaa kwenye skrini ya altrasaundi, folikeli, kile kifuko cha maji kwenye ovari kinachobeba yai, kubwa, kingo zake safi, karibu milimita 20 ukipima kutoka ukuta hadi ukuta. Ng'ombe mwenyewe alikuwa na joto, ile hali ya kutaka dume, ambalo hata mgeni wa kazi hii angeliona, ute mwembamba unaong'aa unaning'inia, anasimama tuli wenzie wakimpanda, mji wa mimba ukiushika kwa mkono umekaza. Mi nilikuwa nishaanza kufikiria mbegu ya dume gani inayeyushwa.

Daktari tuliyekuwa naye, mtu wa siku nyingi kwenye kazi hii, akatazama skrini, afu akauliza kile kifaa cha kutoa projesteroni, homoni ya kutunza mimba, kimekaa ukeni muda gani, na wakati kinawekwa kulikuwa na kopasi luteamu kwenye ovari, ile tishu ya kutoa projesteroni inayobaki folikeli ikishapasuka, au hapana. Akaambiwa kimekaa muda mrefu kuliko inavyotakiwa, na kopasi luteamu haikuwepo.

"Huyu tusimpandishe safari hii," akasema. "Yai lililomo humo limeshachoka."

"Lakini daktari, si anaonyesha joto zuri kabisa?"

"Joto ni la ng'ombe, kijana wangu. Mi naongelea yai."

Akavua glavu, akaenda kwa ng'ombe anayefuata.

Ile kauli ilinikaa kichwani wiki kadhaa. Maana sisi wengine tumefundishwa kusoma joto, tukiona joto zuri na folikeli kubwa tunajua kazi imeiva, sasa inakuwaje folikeli iwe kwenye ubora wake wote halafu yai lililomo ndani liwe limepitwa na wakati? Si homoni zile zile zinazolea vyote viwili?

Ndo nikaanza kusoma na kuulizauliza, na kadri nilivyosoma ndivyo nilivyogundua kwamba swali langu lilikuwa limekaa vibaya tangu mwanzo.

## Yai halianzi siku ya joto

Ndama jike anazaliwa akiwa na mayai yake tayari. Akiwa bado tumboni kwa mama yake ovari zake zinatengeneza mayai zaidi ya milioni 2, halafu mengi mno yanakufa kabla hata hajazaliwa, anazaliwa na makumi ya maelfu au laki na kitu. Na yote hayo yamesimama. Yameanza meyosisi, ule mgawanyiko wa kupunguza kromosomu ziwe nusu, yakafika katikati ya hatua ya kwanza yakagoma hapo hapo. Yai moja linaweza kukaa limesimama hivyo miaka mingi, hadi siku folikeli yake itakapoitwa.

Likianza kukua, linakua kweli kweli. Linatoka kwenye kipenyo cha kama mikromita 30 mpaka kuzidi 120, na katika kukua huko linajaza akiba: protini, mitokondria, mafuta, na zaidi ya yote ujumbe wa RNA ambao litautumia baadaye.

Hii akiba ndo kiini cha stori yote.

Kwa sababu kiinitete cha ng'ombe, baada ya mbegu kuingia, hakiwashi jeni zake chenyewe kwa nguvu mpaka kifike seli 8 hadi 16. Siku zile za mwanzo zote kinaishi kwa kile yai lilichoweka. Na yai lenyewe linaacha karibu kabisa kuandika RNA mpya likifikisha kama mikromita 110, wakati folikeli iko kama milimita 3 hivi. Milimita 3! Folikeli ambayo kwenye altrasaundi ya kawaida unaweza ukaipita bila kuihesabu.

Hapo niliacha kusoma nikatoka nje kidogo. Mi siku zote nilidhani kukomaa kwa yai ni kitu kinachotokea siku ya joto, LH, ile homoni ya kupasua folikeli, inapanda, yai linaiva, linatoka, basi. Kumbe sehemu kubwa ya kazi imeshafanyika kabla hatujaiona hiyo folikeli.

## Wimbi

Upande wa FSH, homoni ya kukuza folikeli, nitapita haraka maana wengi wenu mnaujua. Kila wimbi la folikeli linaanza na FSH kupanda, kundi la folikeli ndogo linaitika, zinakua pamoja siku chache, moja ikifika kama milimita 8.5 inajitenga na wenzake. Inamwaga homoni za estradioli na inhibini, FSH inashuka, wengine wanakosa cha kuwashikilia wanakufa. Ile moja haifi kwa sababu seli zake za granulosa, zile za ukuta wa ndani, zimepata vipokezi vya LH, kwa hiyo inaweza kuendelea kwa LH hata FSH ikiwa chini. Mzunguko wa siku 21 una mawimbi 2 au 3 ya namna hii na folikeli ya wimbi la mwisho tu ndo inapasuka.

Ninachotaka ukishike ni kimoja. Hizi folikeli za mawimbi ya mwanzo zinakufa kwa sababu projesteroni ya kopasi luteamu inazuia LH isitoke mara kwa mara. Wakati projesteroni iko juu, LH inatoka kwa mapigo ya mbali mbali, kama moja kila saa 3 au 4. Folikeli kubwa haishibi, inakufa, wimbi jipya linaanza na yai jipya.

Kufa huko ni afya. Nitakurudisha hapa baadaye.

## Kitu kilichonivuruga

Mwaka 1935 Pincus na Enzmann waliandika kwamba ukitoa yai la sungura kwenye folikeli ukaliweka nje, linaendelea na meyosisi lenyewe. Miaka 30 baadaye, 1965, Robert Edwards akaonyesha kitu hicho hicho kwa mayai ya wanyama kadhaa, ng'ombe wakiwemo, na binadamu pia.

Lenyewe. Bila LH.

Sasa hapo nilikwama siku nyingi. Kama yai likitolewa tu linakomaa lenyewe, LH inafanya nini? Mbona tunasema LH ndo inayokomaza yai? Na vitabu karibu vyote vimeandikwa hivyo, homoni inafika, yai linaamka.

Jibu ni kwamba folikeli ndo inayolizuia. Yai limekanyagiwa breki muda wote na LH inachofanya ni kuondoa mguu kwenye breki.

Na jinsi breki yenyewe inavyofanya kazi ni kitu cha kupendeza sana, niruhusuni nikae nacho kidogo. Seli za ukuta wa folikeli zinatoa peptaidi, yaani protini fupi, inaitwa CNP. CNP inafika kwenye seli za kumulasi, zile zinazolizunguka yai, inashika kipokezi chake na seli hizo zinatengeneza cGMP, molekuli ndogo ya kupitisha ujumbe. Hizi seli za kumulasi zina mikono mirefu membamba inayopenya ganda la yai mpaka kugusana na yai lenyewe, na kwenye kugusana huko kuna vijia vidogo vya kupitisha vitu. cGMP inapita humo inaingia ndani ya yai, inakizuia kimeng'enya cha PDE3 kisiivunje cAMP, molekuli nyingine ya aina hiyo. cAMP ikibaki juu, kiini cha yai kinabaki kimetulia. Kazi hii ya CNP ilionyeshwa kwanza kwa panya mwaka 2010, afu ikaonekana na kwa mayai ya ng'ombe pia.

Ukilitoa yai kwenye folikeli umelitenganisha na ule ukuta unaotoa CNP. cGMP inashuka, PDE3 inafunguka, cAMP inavunjwa, yai linaondoka. Ndo maana Pincus aliona alichoona.

Na LH? Yai halina kipokezi cha LH cha kutegemea kwenye hili. LH inaongea na seli za ukuta, seli za ukuta zinatoa vitu vya jamii ya EGF, kichocheo cha seli, amfiregulini na epiregulini na betaselulini, hivyo ndo vinaenda kuongea na kumulasi, hilo nalo lilianza kujulikana kwa panya mwaka 2004. Kumulasi zikipata ujumbe zinaanza kufunga vile vijia, cGMP inakauka, yai linaachiwa. Yaani ujumbe unapita mikono mitatu kabla haujafika kwa mwenyewe, na unapofika, unafika kama ukimya. Yai linajua muda umefika kwa sababu kitu kilichokuwa kinaingia kimeacha kuingia.

Kwa ng'ombe, toka LH ipande mpaka folikeli ipasuke ni kama saa 24 hadi 32. Ndani ya muda huo ukuta wa kiini unayeyuka, kromosomu zinajipanga, nusu zinatupwa pembeni kwenye kichembe kidogo, na yai linasimama tena likiwa kwenye metafezi ya 2, katikati ya mgawanyiko wa pili, likisubiri mbegu.

## Bakuli lenye mayai mazuri

Kwenye maabara ninakosaidia kazi ya mayai, tunavuta folikeli za milimita 2 hadi 8, mayai yanaingia kwenye inkubeta nyuzi 38.5, kaboni dayoksaidi asilimia 5, tunayaacha saa 22 hadi 24. Yakiingia, seli za kumulasi zimeshikana, zimebana, zina weusi fulani. Kesho yake ukiangalia kwenye maikroskopu zimeachana, zimetanuka, zimekaa kwenye ute wa asidi ya haialuroni ambao zimeutengeneza zenyewe usiku kucha kwa kuchochewa na FSH tuliyoweka. Zinanata kwenye ncha ya pipeti, unavuta yai moja linakuja na jirani yake. Ukizivua hizo seli unaona kile kichembe kilichotupwa, kimekaa chini ya ganda, cha duara, safi.

Karibu yote yanafika hapo. Kwenye maabara iliyokaa sawa, mayai 80 hadi 90 kati ya 100 yanafika metafezi ya 2. Ukiweka mbegu mengi yanatungishwa, mengi yanagawanyika seli 2, seli 4.

Halafu siku ya 7 au 8 unahesabu blastosisti, viinitete vilivyofika hatua ya kuwekwa kwenye mji wa mimba, unapata 30, labda 40.

Yale mengine yalikwama njiani, na mengi yanakwama pale pale kwenye seli 8 mpaka 16, pale ambapo akiba ya mama inaisha na kiinitete kinatakiwa kijiwashie taa zake. Wote waliangalia mayai haya wakaona yamekomaa, mi mwenyewe niliyaona. Kiini kilikuwa kimekomaa kweli. Kilichopungua kilikuwa kwenye saitoplazimu, ile sehemu ya yai inayozunguka kiini, na hakina sura ya kuonekana kwa macho.

Na linalouma ni hili. Mayai yaliyoachwa yakomae ndani ya ng'ombe mpaka mwisho kabisa, yakatolewa karibu na kupasuka, yakatungishwa na kulelewa kwenye maabara ile ile na watu wale wale, yanatoa blastosisti nyingi zaidi. Watafiti wa ng'ombe walilichambua sana jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 2000: ubora wa yai unaamua kwa kiasi kikubwa ni mangapi yatafika, na mazingira ya kulelea baada ya kutungishwa yanaamua zaidi yakifika yatakuwa na ubora gani.

Kwa hiyo yai linalotolewa mapema na kuachia breki mapema linawahi. Linakomaa kiini kabla halijamaliza kujipanga. Kuna wanaojaribu kulichelewesha kwa makusudi, wanaweka CNP au dawa za kuiweka cAMP juu kwa saa kadhaa kabla ya kuliachia, wazo ni kwamba vijia vibaki wazi na kumulasi ziendelee kulilisha. Matokeo yanatofautiana maabara na maabara, lakini wazo lenyewe mi naliamini, maana linafuata kile folikeli inachofanya.

## Kumchoma, halafu kumwacha

Hapa ndo mawazo yangu yaligeuka.

Zamani nilikuwa mtu wa kuongeza. Ng'ombe ana mayai machache mazuri? Ongeza FSH. Hajibu? Badilisha homoni, jaribu ile inayokaa mwilini muda mrefu zaidi. Ni mawazo ya kawaida kabisa, ukienda kwenye kozi nusu ya maswali ya watu ni kiasi, dozi ngapi, uniti ngapi.

Kuna kundi la watafiti wa Kanada, Blondin na Sirard na wenzao, walichapisha kazi mwaka 2002 ambayo nilitakiwa niwe nimeisoma zamani. Walimpa ng'ombe FSH mara kadhaa, kila saa 12, kama siku 3 hivi, folikeli nyingi zikakua. Hapo wengi wetu tungeingia na sindano kuvuta. Wao waliacha. Wakakaa kama siku 2 bila kumpa FSH yoyote, ndo wakavuta. Na mayai yaliyotoka yakawa na uwezo mkubwa kupita ule tuliozoea, blastosisti nyingi ajabu kwa mayai ya kukomazwa nje.

Kazi zilizofuata zikaonyesha kwamba muda wa kuacha una kipimo chake. Ukivuta mapema sana, siku moja tu baada ya FSH ya mwisho, folikeli bado ziko kwenye mbio za kukua na mayai hayajawa tayari. Ukikaa kama siku 2 au kidogo zaidi unapata kilele. Ukichelewa mpaka kama siku 4, ubora unashuka tena, folikeli zimeanza kuoza kwa ndani.

Fikiria hilo. Kilicholiandaa yai ni FSH kuwepo, halafu FSH kutokuwepo, kwa mpangilio huo na kwa muda huo. Na ukitazama vizuri, ndicho kinachotokea kwenye wimbi la kawaida, folikeli inayotawala inapita kwenye kipindi cha FSH kushuka kabla ya LH kupanda. Wale watafiti waliiga mwili.

Nilijiuliza kwa nini hili halisemwi zaidi kwenye mafunzo yetu. Nadhani ni kwa sababu dozi inaandikika kwenye chati kirahisi, mstari mmoja, na kuacha hakuna kinachochomwa kwa hiyo kunaonekana kama pengo tu kwenye ratiba. Mtu anaona siku mbili tupu anadhani anaweza kuzifupisha.

## Sasa yule ng'ombe

Turudi kwenye kile kifaa kilichokaa muda mrefu.

Kopasi luteamu ikiwa hai inatoa projesteroni nyingi, LH inatulia, folikeli za kati zinakufa. Kifaa cha ukeni peke yake, hasa kikishakaa siku nyingi na ovari haina kopasi luteamu, kinatoa projesteroni ya kiasi cha chini. Inatosha kuzuia LH isipande kile kilele cha kupasua folikeli, kwa hiyo ng'ombe haonyeshi joto na folikeli haipasuki. Ila haitoshi kutuliza mapigo madogo. LH inapiga kila saa 1 au 2.

Folikeli kubwa inashiba. Haifi. Haina ruhusa ya kupasuka na haina sababu ya kufa, inaendelea tu kukua na kumwaga estradioli siku baada ya siku, na kwa vile inaibana FSH, hakuna wimbi jipya linaloanza. Inakaa hapo na yai lile lile.

Watafiti wa miaka ya 1990 waliyatoa mayai ya folikeli za namna hii wakayaangalia. Waliyakuta yameshaanza kuondoka, kiini kimeshaanza kubadilika kabla LH haijapanda kabisa. Breki imelegea kidogo kidogo kwa mapigo yale ya kila saa. Ukija kutoa kifaa, ng'ombe anapata joto zuri ajabu maana estradioli imejaa, anapasua folikeli vizuri, mbegu inakutana na yai, hata kutungishwa linatungishwa. Kiinitete kinakufa siku za mwanzo. Unapanda, hashiki, unasema mbegu mbovu.

Kazi hizo zikaonyesha pia kwamba folikeli ikitawala mpaka kama siku 8 bado mimba zinakwenda vizuri, ikivuka 10 zinaporomoka.

Kwa hiyo joto zuri na yai baya vinatoka kwenye chanzo kimoja, estradioli nyingi ya folikeli iliyokaa mno. Joto lake lilikuwa zuri *kwa sababu* folikeli ilikuwa imezeeka. Hapo nilikaa kimya muda mrefu, nikiwaza ng'ombe wangapi wamepandishwa kwa furaha siku za namna hii.

Na upande wa pili wa jambo hili nao una ushahidi: ng'ombe wanaokuzwa mayai mengi wakati wa wimbi la kwanza la mzunguko, projesteroni ikiwa bado chini, wanatoa viinitete vya ubora wa chini kuliko wakati projesteroni iko juu. Ukiwaongezea projesteroni katika kipindi hicho ubora unapanda. Tumezoea kuiona projesteroni kama homoni ya kutunza mimba, mimi sasa naiona kwanza kama homoni ya kulinda yai wiki moja na zaidi kabla ya joto.

## Yai nalo linatoa amri

Kuna kitu nilikuwa nakiruka kwenye maelezo yote haya. Niliandika kana kwamba yai linakaa linapokea tu, homoni juu, folikeli katikati, yai chini.

Yai linatoa protini mbili, GDF9 na BMP15, zinazoamua seli zinazolizunguka ziishije. Huko New Zealand kuna kondoo wa ukoo wa Inverdale wenye hitilafu kwenye jeni ya BMP15, jambo lililobainishwa mwaka 2000. Jike mwenye nakala moja mbovu anapasua mayai mengi zaidi ya kawaida, mwenye nakala mbili mbovu ni tasa, folikeli zake hazivuki hatua za mwanzo kabisa. FSH anayo, LH anayo. Kilichokosekana ni sauti ya yai.

Kwa ng'ombe inakuja na utofauti wake. Kwa panya, ukilitoa yai katikati ya seli za kumulasi ukaziacha seli tupu, zinashindwa kutanuka hata ukiweka FSH. Za ng'ombe zinatanuka hata bila yai. Ndo maana huwa nakuwa mwangalifu mtu akinukuu panya tu moja kwa moja. Lakini hata kwa ng'ombe yai linazuia seli zake za kumulasi zisife, na ukiongeza BMP15 kwenye bakuli la kukomazia unapata blastosisti zaidi.

Ina maana yai lililochoka linashindwa pia kuzisimamia seli zilizotakiwa kulilinda.

## Wiki sita nyuma

Folikeli ya ng'ombe, toka ianze kupata uwazi wa maji ndani yake mpaka ifikie ukubwa wa kutawala, inachukua karibu siku 42. Mizunguko miwili. Yai linalotoka leo lilikuwa linajaza akiba wiki sita zilizopita, na wiki sita zilizopita kwa ng'ombe wa maziwa aliyezaa karibuni ni pale alipokuwa anatoa maziwa mengi kuliko anachokula.

Kipindi kile insulini iko chini, IGF-1, homoni ya ukuaji inayofanana nayo, iko chini, LH inapiga kwa uvivu, na mafuta ya mwilini yanayeyushwa yanaingia kwenye damu. Yale mafuta yanaingia pia kwenye maji ya folikeli, yamepimwa humo, na mayai yakikomazwa kwenye bakuli lenye asidi ya palmitiki na ya steariki kwa viwango hivyo, yanakomaa machache na viinitete vinapungua. Joto la hewa nalo hivyo hivyo, ng'ombe waliopigwa na joto kali wanaendelea kutoa mayai dhaifu wiki kadhaa baada ya hali ya hewa kupoa.

Watu wananiuliza sana, huyu amerudia joto mara tatu, nimchome nini? Siku hizi naanza na maswali mengine kabisa. Alizaa lini. Alikonda kiasi gani wiki za mwanzo, ukimshika mbavuni na kwenye nyonga sasa hivi unahisi nini. Alikuwa na homa, kondo la nyuma lilibaki? Ana kopasi luteamu saa hizi, na ni ya mzunguko wa kawaida au ni ya kwanza tangu azae? Kama kuna kifaa kiliwekwa, kiliwekwa lini na kilitoka lini, tarehe, sio "kama wiki hivi".

Kama alikonda sana na bado anakonda, simchomi kitu. Namrekebishia chakula kwanza niache zile folikeli zilizokulia kwenye njaa zipite. Kama amesimama vizuri lakini hana kopasi luteamu na folikeli kubwa imekaa, basi GnRH, homoni inayoifanya LH ipande, ya kuipasua ile ya zamani, wimbi jipya lianze, kopasi luteamu ijengeke, na baada ya siku 7 prostaglandini, ya kuiondoa hiyo kopasi luteamu. Joto linalofuata ndo nampandisha, hata kama litakuwa la kawaida tu, halivutii macho kama lile alilokuwa nalo mwanzo.